Mtu Aliyekuwa Ndani ya Zimwi

Jumapili moja mwezi wa tatu umeme ulirudi saa mbili usiku, na mpwa wangu akaona huo ndio wasaa wa kunidai. Nilimwahidi zamani kwamba akitimiza miaka 14 nitamwonyesha Alien, ile sinema ya zimwi la angani ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Miaka 14 alikuwa ameitimiza juzi yake.

Tulizima taa za sebuleni. Dada yangu akawa anapita na vyombo kutoka jikoni, na kila akipita anasema leo humu ndani hakuna atakayelala. Mtoto alikumbatia mto toka mwanzo hadi mwisho. Sinema ilipokwisha nikanyoosha mkono niifunge kompyuta, akaniwahi.

“Ngoja kwanza, mjomba. Nataka nimjue nani alikuwa yule.”

“Yule yupi?”

“Lile zimwi. Si kuna mtu ndani?”

Majina yakaanza kupanda. Tom Skerritt, Sigourney Weaver, Veronica Cartwright na wenzao. Baada ya wale saba wenye nyuso likaja jina moja ambalo nafasi yake imeandikwa Alien, basi. Bolaji Badejo.

Akaigandisha picha. “Mjomba, hili si jina la Nigeria?”

Nimeitazama sinema hiyo pengine mara sita maishani. Mara ya kwanza ilikuwa Mwanza, kwenye banda la video, nikiwa na umri kama wa huyu mtoto. Katika banda letu mkanda ulichomolewa mara tu steringi aliposhinda, maana watu wa onyesho linalofuata walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni. Hakuna aliyesoma majina. Na hata nilipokuwa mtu mzima, na mashine ni yangu, tabia ya banda ilinibaki.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni Mnigeria, kwa sauti ya mtu anayejua.

Sikuwa najua.

## Kijana wa West End

Wanaoipenda Alien wanajua kila kitu kuihusu. Wanajua kuwa H. R. Giger, mchoraji wa Uswisi, ndiye aliyelibuni zimwi. Wanajua kuwa Carlo Rambaldi, fundi Mwitaliano, aliunda kichwa chenye sehemu 900 hivi zinazocheza, kuwa mishipa ya taya ilikuwa kondomu zilizochanwa, na kuwa ule udenda ulikuwa jeli ya kulainisha. Hayo siyarudii. Mimi nilimtaka yule aliyetiwa ndani ya hayo yote.

Alizaliwa Lagos tarehe 23 Agosti 1953, Myoruba. Baba yake, Victor Badejo, alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji la Nigeria, kwa hiyo hatuzungumzii mtoto aliyeokotwa kwenye shida. Alisoma sanaa Lagos, akapita Ethiopia, akapita Marekani, akafika London kusomea sanaa ya michoro. Mkono wake ulikuwa wa penseli. Uigizaji haukuwa safari yake kabisa.

Mwaka 1978 Scott alikuwa na shida moja iliyomnyima raha. Alijua kwamba watazamaji wakigundua kuwa lile ni jamaa aliyevikwa mpira, sinema imekufa. Alihitaji mwili ambao jicho likiuona linasita: mrefu kupita kawaida, mwembamba, wenye viungo virefu kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama kweli kuna binadamu anayeenea humo. Walifikiriwa wanasarakasi. Alifikiriwa Peter Mayhew, yule mhudumu wa hospitali aliyekuja kuvishwa manyoya ya Chewbacca katika Star Wars.

Kisha mtafuta waigizaji aitwaye Peter Archer akaingia baa moja ya West End, katikati ya London, akamwona Badejo. Maandishi mengine yanampa mita 2.08, mengine mita 2.18. Archer akampeleka kwa mwongozaji, na kwa maelezo ya Badejo mwenyewe, alipoingia tu mlangoni Scott alijua amempata mtu wake.

Nimekaa sana na hicho kisa cha baa.

Mtu wa urefu ule, mweusi, katika London ya miaka ile, amezoea kukodolewa macho. Anajua macho ya mtoto na macho ya mlevi. Jioni hiyo anakuja mtu asiyemjua na habari kwamba mwili wako huo ndio tunaouhitaji, tunataka uwe zimwi. Kwa wiki mbili za mwanzo nilichukia kwa niaba yake. Nikawa namweleza kila ninayekutana naye: mnaona, walimtazama Mwafrika, wakaona jinamizi.

Lakini kuna jambo dogo lilikataa kukaa ndani ya hasira yangu. Badejo alipelekwa kusoma. Alifundishwa taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, akafundishwa uigizaji bubu, ule wa kusema kwa mwili peke yake, ili ajue kupunguza mwendo, kuinua mkono kana kwamba uko majini. Mwaka 1979 alilieleza jarida la Cinefantastique kwamba zimwi lilitakiwa liwe na ukatili na madaha kwa pamoja. Tafsiri ya neno hilo la pili ni yangu, na naisimamia. Madaha ni neno tunaloliweka kwenye taarabu, kwa mtu anayejua kwamba anatazamwa na hana haraka ya kumfurahisha yeyote. Rudini mkamtazame anavyouinua mkono. Anayevaa vazi tu hawezi kuuinua vile.

## Dakika 15

Picha zilipigwa katika studio za Shepperton, nje ya London, kuanzia Julai hadi Oktoba 1978.

Vazi lilikuwa la vipande vingi, akivishwa kimoja baada ya kingine. Kichwa ndicho kilichokuwa na joto kali. Alisema aliweza kukivumilia dakika 15 au 20, na kikivuliwa, kichwa chake mwenyewe kimelowa chapachapa. Ndani ya kile kichwa alikuwa haoni. Palikuwa na vitundu vichache vya kuchungulia, navyo vilimsaidia akiwa amesimama tuli. Akianza kutembea anatembea kwa kukisia.

Na kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti. Ikabidi atengenezewe bembea.

Hiyo bembea haikunitoka. Nikiwa kwenye daladala naiona. Mtu wa mita mbili na ushee, mweusi wa kuzaliwa ndani ya weusi wa kuvishwa, amekaa kwenye bembea kati ya picha moja na nyingine, mkia unaning'inia, miguu imefika chini kabla ya bembea, anangoja kuitwa. Wenzake wanakunywa chai kwenye viti.

Kazi ilipohitaji haraka aliifanya kwa haraka. Alisimulia alivyompiga teke Yaphet Kotto na kumbamiza ukutani. Wazazi wetu waliokuwa na televisheni wanaweza kumkumbuka Kotto kwa kumwigiza Idi Amin katika sinema ya uvamizi wa Entebbe. Kisha akamgeukia Veronica Cartwright, damu ya bandia mdomoni, na alisema kuwa pale Cartwright hakuwa anaigiza. Aliogopa kweli.

Lipo tukio moja hakuliweza. Zimwi lilitakiwa lining'inie juu, limejikunja kama kifukofuko cha mdudu, kisha lijikunjue taratibu mpaka linyooke lote. Walimfunga mkanda tumboni, wakamvuta juu, mita tatu au nne kutoka sakafuni. Akajaribu. Pumzi ikakataa. Alisema alikuwa anakabwa, kila akijaribu kujikunjua hewa haipatikani. Wakamshusha, na sehemu kama hizo wakazifanya Roy Scammell na Eddie Powell, watu wa kazi za hatari.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililipita tu. Kila sinema ina tukio lililoshindikana.

Baadaye, nikiwa nimelala, nikafika mwisho wa habari zake. Alifariki Lagos tarehe 22 Desemba 1992, akiwa na miaka 39.

Ugonjwa: sikoseli.

Nikaketi kitandani. Nikarudi juu, kwenye mkanda wa tumboni.

## Ubao wa chaki

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1980, akafariki mwaka 2002. Katika blogu hii sijawahi kumwandika.

Waliolea mtoto wa sikoseli hawahitaji kuelezwa, na wasiolea hawataelewa kwa aya moja. Nitasema tu jambo linalohusu hadithi hii. Damu ya mgonjwa huyu hubadilika umbo pale oksijeni inapopungua. Chembe zinajipinda kama mundu, ndiyo maana siku hizi wataalamu wanauita ugonjwa selimundu, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na mahali zilipokwama panauma maumivu ambayo sijamwona mtu mzima akiyastahimili. Baridi inayaleta. Kuchoka kunayaleta. Kutoka jasho bila kunywa maji ya kutosha kunayaleta. Mama alikuwa na orodha ya makatazo aliyoiimba kama sala ya asubuhi: usiogelee ziwani, usikimbie, usikae juani, kunywa maji, vaa sweta.

Na ugonjwa huu mtu haupati ukubwani. Anazaliwa nao. Kwa hiyo ule mwili uliolowa jasho ndani ya kichwa cha Giger, ule uliovutwa juu kwa mkanda mpaka ukakosa hewa, ulikuwa nao tayari. Kila kitu katika orodha ya mama yangu kilikuwa ndani ya lile vazi.

Siwezi tena kusoma mahojiano yale kama mpenzi wa sinema. Nayasoma kama kaka wa mgonjwa. Natamani nimshike mtu pale studio nimwambie mpeni maji, mpeni maji mengi, mpumzisheni.

Mdogo wangu alikuwa mwembamba, mikono mirefu kuliko umri wake. Mpira haruhusiwi, ziwa haruhusiwi, kwa hiyo alichora. Alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko mpaka baba akachoka kugomba. Mwenye banda la video alimwona, akampa kazi: kila asubuhi aandike kwenye ubao wa nje majina ya sinema za siku hiyo, na apambe. Malipo yake yalikuwa kuingia bure. Mimi nilikuwa naingia kwa mgongo wake.

Alikuwa mtu wa mazimwi. Steringi alimwachia mtu yeyote. Watoto wa mtaani walitaka Van Damme na Schwarzenegger, yeye alitumia chaki yake yote kwenye meno na mikia. Banda letu lilikuwa na kijana mtafsiri aliyesimama kando ya televisheni na fimbo, aliyejitahidi kufuata nyayo za mtafsiri mashuhuri Lufufu, na siku ya Alien alipata tabu kubwa. Wote tulijua kuwa steringi hafi. Kapteni Dallas alipopotea kwenye matundu ya hewa banda lilimgeukia mtafsiri limdai maelezo. Nani steringi sasa? Alipotamka kuwa ni yule dada, watu waligoma kuamini karibu mpaka mwisho.

Mdogo wangu hakuwemo kwenye ubishi huo. Alikuwa mbele kabisa, chini kwenye mkeka, magoti kifuani, anatazama mikono ya lile zimwi. Njiani kurudi nyumbani akaniambia jambo ambalo wakati ule nililipuuza.

“Kaka, lile halina haraka. Anayelicheza anajua kuchora.”

Ilikuwa mwaka 1992. Mimi darasa la saba, yeye ana miaka 12. Mtu aliyemsema alikuwa Lagos, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

## Damu ya mtu mwingine

Nikiwa naendelea kutafuta, nikamkuta Kevin Peter Hall. Huyu nanyi mnamjua bila kumjua, maana hakuna banda la Afrika Mashariki ambalo halikuonyesha Predator, na ndani ya zimwi lake alikuwa yeye.

Naye safari yake ilikuwa ya pembeni. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1955, akacheza kikapu Chuo Kikuu cha George Washington huku akisoma tamthilia, akaenda kucheza kikapu cha kulipwa Venezuela, akarudi kwenye jukwaa. Urefu wake ulizidi mita 2.1. Vazi la kwanza la Predator alipewa Van Damme, yule yule wa ubao wetu, na halikufanya kazi. Fundi wa mazimwi Stan Winston akabuni jingine, akavishwa Hall, akapelekwa kwenye misitu ya Palenque, Mexico. Mwisho wa sinema anatokea sekunde chache akiwa na uso wake mwenyewe: ni rubani wa ile helikopta. Mwongozaji alimpa nafasi hiyo ya kuonekana. Nimeitafuta na kuigandisha, na nimefurahi kwamba alipewa.

Mwaka 1991 alifariki, akiwa na miaka 35. Aliongezewa damu, na damu hiyo ilikuwa na virusi vya UKIMWI.

Nani kati yetu wa nyumba za sikoseli asiyekumbuka hofu hiyo? Mwaka 1993 mdogo wangu aliishiwa damu vibaya, kope zake zimekuwa kama karatasi. Daktari akasema aongezewe. Mama akakataa. Alikuwa ameshazika ndugu wawili kwa ugonjwa ule mwingine, na neno damu lilikuwa limebadilika maana. Alisimama mlangoni mwa wodi, mikono imeshika fremu pande zote mbili, hapiti mtu. Baba mdogo ndiye aliyeivunja: akasema yangu, pimeni yangu, mimi mnanijua. Ikapimwa mara mbili kwa sababu mama alitaka mara mbili.

Ile damu ilimpa miaka tisa.

Hall na Badejo walifariki katika muda usiofika miaka miwili. Watu wawili weusi warefu, wamevishwa mazimwi mawili yanayotambulika zaidi katika sinema za zama zao, na kwa wote wawili shida ilikuwa katika damu. Nilianza kuandika makala juu ya hilo. Ilikuja haraka sana.

## Rasimu niliyoifuta

Rasimu ile ilikuwa na maneno 1,800 na ilikuwa kali. Nilieleza kwamba mwaka 1980 Alien ilipewa Oscar ya madoido ya picha, wakapewa Giger, Rambaldi, Brian Johnson, Nick Allder na Denys Ayling, watu watano, na aliyepumua ndani ya kazi yao hayumo. Nilieleza kwamba mwaka 2002 Marekani iliiweka sinema hiyo kwenye orodha ya taifa ya sinema za kuhifadhiwa, na yeye ana miaka kumi kaburini. Nikamwita aliyetumika. Nikamwita aliyesahauliwa. Neno “maskini” lilikuwemo mara tatu.

Nikampa dada yangu asome. Yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na mdogo wetu miaka yote ile, yeye ndiye aliyekanda miguu usiku kwa maji ya moto wakati mimi nimezibia masikio kwa blanketi.

Akasoma mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

“Umemwandika mgonjwa,” akasema. “Huyu si alikuwa mchoraji?”

Nikajitetea. Nikasema ugonjwa ndio uliomuua. Akasema najua, naye wetu ndio uliomuua, lakini wewe ukimtaja kwa watu unaanzaje? Unaanza na wodi. Kila mara unaanza na wodi. Ule ubao wake huutaji.

Sikuwa na jibu. Niliifuta ile rasimu siku hiyo hiyo, na kwa wiki nzima sikuandika chochote.

Nilipoanza upya nilianza na mambo niliyokuwa nimeyapita kwa sababu hayakunikasirisha. Mwaka 1980 Badejo alirudi Nigeria. Mwaka 1983 alifungua jumba lake la sanaa. Akawa na familia. Sinema ya pili, Aliens, ilipotoka mwaka 1986, yeye alikuwa akiendesha jumba lake kwa mwaka wa tatu. Kwenye orodha ya waigizaji duniani ana sinema moja tu, na sisi wapenzi wa sinema tunalisema hilo kwa huruma, kana kwamba alianza njia akashindwa kuimaliza. Lakini alikuwa kwenye njia nyingine. Alitoka Lagos akiwa msanii wa michoro, akarudi Lagos akiwa msanii wa michoro, na katikati yake palikuwa na miezi michache ambayo wengine waliweka kalamu na udongo, yeye akaweka mabega, viwiko na pumzi.

Sasa nikirudi kwenye taichi na uigizaji bubu naona mwanafunzi wa sanaa anayeelewa mstari. Giger alichora mstari kwenye karatasi. Badejo aliuchora hewani kwa mkono wake mwenyewe, haoni anakokwenda, dakika 15 kwa dakika 15.

Sisemi hasira yangu ya mwanzo ilikuwa bure. Swali la kwa nini miili yetu ilitafutwa ili ifichwe bado ninalo, na nitalishika. Hata hivyo nilikuwa nalijibu kwa kumtoa mtu ndani ya vazi na kumvisha jingine, la mhanga, ambalo nalo halina tundu la kuonea.

Watoto 11,000 hivi wanakadiriwa kuzaliwa Tanzania na sikoseli kila mwaka. Siku hizi ipo dawa ya haidroksiyurea, zipo kliniki, wapo wanaofika utu uzima na kuzeeka. Ninapoandika najaribu kukumbuka kwamba baadhi ya hao, leo, saa hii, wana kalamu mkononi na hawataki kuulizwa wanaumwa wapi.

## Narcissus

Juzi nimeitazama tena, peke yangu, na safari hii nilikwenda moja kwa moja kwenye dakika za mwisho.

Mnaikumbuka. Ripley, yule dada anayechezwa na Sigourney Weaver, ametoroka na chombo kidogo kiitwacho Narcissus. Anadhani yameisha. Amevua nguo za kazi, anabonyeza vitufe ukutani, na pale kati ya mabomba, mahali ambapo jicho limekwisha kupita mara kadhaa likaona mabomba tu, mkono unachomoka.

Ile nafasi ilikuwa finyu mno. Badejo alijibana humo na vazi lote, akapata shida kutoka, vazi likawa linachanika. Mtu wa urefu ule amejikunja akawa kama bomba moja kati ya mabomba. Kwenye banda tuliruka wote pale, mtafsiri akaangusha fimbo. Hofu ilinifanya nisione kinachotokea baada ya mkono kuchomoka.

Hakuna shambulio. Zimwi halimrukii. Linajigeuza kidogo, kichwa kinainuka nusu na kulala tena, mkono unatafuta pa kushika, mdomo unafunguka polepole. Linakaa hapo hapo lilipojikunja, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamaliza kazi yake.

Nikaigandisha.

Mdogo wangu alikuwa analala hivyo, magoti kifuani, kichwa kimeelekea ukutani, mkono mmoja nje ya shuka. Alfajiri, kama usiku ulikuwa mzuri, hakuamka kwa mara moja. Aliunyoosha kwanza ule mkono. Anaunyoosha taratibu, kidole baada ya kidole, anasikiliza kama kuna panapouma, kisha anaupeleka chini ya kitanda kupapasa kopo la chaki.

Nikaiachia picha iendelee. Safari hii nikangoja majina.